Unknown Pleasures: Albamu Iliyowagawa Wenyewe

Asanteni, na asante fundi kwa kutuachia "She's Lost Control" mpaka mwisho. Naona wengine mlitikisa vichwa, wengine mkakunja nyuso. Msijali, hata ndani ya bendi ilikuwa hivyohivyo. Albamu hii ya kwanza ya Joy Division, bendi ya roki ya Uingereza, ilipokamilika mwaka 1979, mpiga besi Peter Hook na mpiga gitaa Bernard Sumner hawakuipenda. Mwimbaji Ian Curtis na mpiga drams Stephen Morris waliikubali. Wawili kwa wawili, na aliyekuwa na neno la mwisho hakuwa hata mwanabendi: produsa, Martin Hannett.

Hook na Sumner walikuwa na haki ya kununa. Ni vijana wa Salford waliokwenda kuitazama bendi ya punk ya Sex Pistols mjini Manchester mwezi Juni 1976, na kesho yake Hook akanunua gitaa la besi wakati hajui hata kulishika. Walichokipenda ni kasi, hasira na sauti kubwa. Ule upigaji wa Hook wa nyuzi za juu, besi ikiimba badala ya kunguruma, nao ulitokana na kelele: amplifaya ya Sumner ilikuwa inameza kila kitu, na Hook akagundua kwamba akipanda juu kwenye shingo la gitaa anajisikia. Watu wa namna hiyo wakiingia studio wanataka jambo moja tu, santuri iwapige wasikilizaji kama wao wanavyowapiga ukumbini.

Hannett hakuwa na habari na ukumbi. Alikuwa msomi wa kemia, na ndiye aliyerekodi ile santuri ndogo ya bendi ya Buzzcocks ya mwaka 1977, ambayo bendi iliitoa yenyewe bila kampuni na kuwafungulia wengi njia ya lebo huru. Joy Division aliwapeleka Strawberry Studios, Stockport, Aprili 1979.

Hapa naomba tukae kidogo. Hannett alitaka kila ngoma isimame peke yake kwenye tepu, isichafuliwe na mlio wa jirani yake. Kwa hiyo Morris akaambiwa arekodi kipande kimoja kimoja: ngoma ya mguu kwanza, nyingine baadaye. Sasa, waliowahi kukaa nyuma ya drams wanajua kwamba mikono na miguu husaidiana. Ukiuzuia mkono mmoja, mguu nao unapotea. Morris akawa anajipiga mapaja pale ambapo pangekuwa na ngoma aliyokatazwa kuigusa, ili mwendo usimtoke. Halafu mlio ule wa "tss, tss" mliousikia si upatu. Ni kopo la kupuliza! Morris alifungiwa kwenye kile chumba kidogo cha mwimbaji, akawa anabonyeza kopo kwa mapigo, mvuke ukijaa humo ndani mpaka karibu akose pumzi.

Kisha Hannett akaipitisha milio hiyo kwenye mashine mpya ya kidijiti ya kuchelewesha sauti, iliyotengenezwa na kampuni ya AMS ya Burnley. Ukichelewesha sauti kwa kitambo kifupi sana, sikio halisikii mwangwi, linasikia chumba. Na hicho chumba hakipo popote. Kwenye "Insight" alikwenda mbali zaidi: wimbo unaanza na mlio wa lifti ya studio, na sauti ya Curtis ikapitishwa kwenye laini ya simu. Gitaa la Sumner, lililokuwa mfalme jukwaani, likasogezwa nyuma. Ningekuwa Sumner, ningenuna pia.

Lakini sikilizeni maneno ya "She's Lost Control", yaani "Amepoteza Udhibiti". Curtis alikuwa mfanyakazi wa serikali huko Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kutafuta kazi. Miongoni mwao alikuwapo binti mwenye kifafa. Siku moja akaacha kuja, na baadaye Curtis akaambiwa amefariki. Januari 1979, miezi michache tu kabla ya kurekodi, Curtis mwenyewe aliambiwa na madaktari kwamba ana kifafa. Wimbo huo, aliouandika kuhusu yule binti, ukipigwa kwa fujo ya jukwaani, unabaki kuwa wimbo mkali tu. Ukitenganisha ngoma moja moja, kila moja baridi na kwenye mstari, unapata mwili unaoendeshwa na kitu kisichomsikiliza mwenye mwili. Ndiyo sababu nasimama upande wa Hannett.

Jalada nalitaja kwa haraka kwa kuwa fulana zake zimeshalisema: ni mchoro wa mapigo ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, iliyogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell alipokuwa mwanafunzi Cambridge. Mchoro ulikuwa mweusi juu ya weupe. Mbunifu wa jalada, Peter Saville, akaugeuza uwe mweupe juu ya weusi, na mbele hakuandika hata jina la bendi. Factory, lebo yao ya Manchester, ilikubali. Kampuni kubwa ingemfukuza.

Santuri ilitoka Juni 1979. Curtis alijiua Mei 1980, akiwa na miaka 23, na tangu hapo watu wanaisikiliza kama wasia. Mimi siafiki. Iliyomo humo ni kazi ya vijana wanne na produsa mkorofi waliokuwa wakibishana kuhusu sauti, na Hook mwenyewe alikuja kukiri kwamba Hannett alifanya kazi nzuri.

Wanaobaki upande wa Hook, nawapa nafasi yao. Fundi, tuwekee "Insight" ya studio, halafu ileile walivyoipiga kwenye klabu ya Les Bains Douches, Paris, Desemba 1979. Baada ya hapo mniulize maswali.