Dripu Si Chakula: Kumlisha Mgonjwa wa Saratani kwa Mshipa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mlioacha wagonjwa wodini. Nianze na ombi ambalo sisi wa lishe tunalisikia kila wiki: "Daktari, mama hali kitu tangu juzi, mwekee basi dripu ya chakula." Anayeomba hivyo anampenda mama yake, na ndiyo maana nataka tuhesabu pamoja.

Lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Hiyo haifiki kilokalori 200. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Tungelazimika kummiminia lita nane au tisa kila siku, maji ambayo moyo wake usingeyahimili. Na bado hatujampa protini hata chembe, wakati misuli ndiyo inayoyeyuka. Dripu ile inatibu upungufu wa maji. Njaa haiitibu.

Kumlisha mtu kwa mshipa kweli kupo. Stanley Dudrick na wenzake kule Philadelphia, Marekani, waliwakuza watoto wa mbwa kwa njia hiyo tu, kisha mwaka 1967 wakamlisha mtoto mchanga ambaye utumbo wake haukufaa kwa kazi. Mchanganyiko wenyewe una sukari nyingi, asidi za amino (vijenzi vya protini), mafuta, vitamini na madini. Ni mzito, ukipita kwenye mshipa mdogo wa mkono unauunguza. Ndiyo sababu mpira unaingizwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, ambako damu inakwenda kwa kasi na kuuzimua papo hapo.

Lakini mpira huo ni mlango, na wadudu nao hupita mlangoni. Tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa na kutetemeka kwa mgonjwa mwenye mpira ni jambo la dakika hiyo hiyo. Usisubiri raundi ya asubuhi. Mwite muuguzi, hata kama ni saa nane usiku.

Kuna hatari nyingine inayoniumiza zaidi, kwa sababu inakuja na nia njema. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula akishindiliwa chakula kingi ghafla, kwa mshipa, kwa mpira wa tumboni au hata kwa kijiko, sukari inaamsha insulini, nayo inasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inapungukiwa na madini hayo, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo tunatanguliza vitamini B1, tunapima damu, tunaanza kidogo na kupanda siku hadi siku. Ukiona tunampa mama yako kidogo, usidhani tunambania.

Basi nani alishwe kwa mshipa? Yule ambaye utumbo wake umeziba, unavuja, au umechubuka kwa dawa kiasi cha kushindwa kufyonza chakula, na tunaona hatakula kwa zaidi ya wiki. Utumbo ukifanya kazi, tuutumie.

Tuchukue saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo imetuandama sana huku Afrika Mashariki. Mgonjwa anaanza kukwamwa na ugali, kisha uji, mwishoni hata mate. Watu wanadhani huyu ndiye wa kulishwa kwa mshipa. Hapana! Tumbo lake ni zima, kilichofungwa ni njia tu. Anaweza kuwekewa kibomba cha kutanua umio, au mpira unaoingia tumboni moja kwa moja, na nyumbani akalishwa uji laini wenye maziwa, karanga zilizosagwa vizuri na mafuta kidogo, uliochujwa usizibe mpira. Kila baada ya kumlisha, pitisha maji safi.

Mama mmoja pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza: atajuaje kwamba hali inaharibika? Mama, mpime uzito kila wiki, kwa mizani ile ile, akiwa na nguo nyepesi, uandike kwenye daftari. Ukiona kilo zinashuka wiki mbili mfululizo, njoo na daftari hilo kliniki kabla ya tarehe yako, wala usisubiri aache kula kabisa. Lakini akivimba miguu au tumbo, niambie pia, kwa sababu hapo mizani inapima maji.