Seli za kinga na maumivu ya nyonga yasiyoisha kwa wanaume

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nitaanza na karatasi ya maabara. Mwanamume ana maumivu ya msamba na kinena kwa miezi kadhaa, akimwaga manii yanazidi. Anapimwa mkojo, majibu yanasema hakuna bakteria. Anapewa antibiotiki hata hivyo. Dozi ikiisha, anaandikiwa nyingine, na maumivu yako pale pale.

Mwaka 1995 wataalamu walioitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waligawa prostataitisi, yaani uvimbe au maumivu ya tezi dume, katika makundi manne. La tatu ndilo la bwana huyu: maumivu ya miezi 3 au zaidi, vijidudu havionekani. Ndilo lenye wagonjwa wengi kupita yote, takriban 90 katika kila 100. Mengine nayaruka.

Zamani tuliamini kwamba seli nyeupe za damu zikijaa kwenye majimaji ya tezi dume, mgonjwa ataumia zaidi. Watafiti wakazihesabu kwa wanaume zaidi ya 400, matokeo yakatoka mwaka 2002: wingi wa seli hauendani na ukali wa maumivu. Yupo mwenye seli tele anayeumia kidogo, na yupo asiye nazo ambaye hawezi hata kukaa kitini. Kwa maoni yangu, tulikuwa tunahesabu seli zisizohusika.

Zinazotushughulisha sasa ni seli masti, aina nyingine ya seli za kinga. Hizi hukaa kwenye tishu, nyingi zikiwa kandokando ya mishipa ya fahamu, na ndani yake kuna chembechembe zilizojaa histamini, ile kemikali inayoleta dalili za mzio, na kimeng'enya kiitwacho triptasi. Zikichokozwa, humwaga vyote kwa mpigo. Triptasi huamsha ncha za neva. Neva nazo hutoa kemikali inayozichokoza tena seli masti. Hapo moto unajichochea wenyewe, hata kama aliyeuwasha ameshaondoka.

Nani aliuwasha? Pengine seli T, zile zinazopaswa kutambua adui. Panya wakichomwa sindano yenye protini za tezi dume, seli T zao huigeukia tezi yao wenyewe. Kisha mtafiti huchukua uzi mwembamba wa plastiki na kuugusisha tumboni, chini kabisa. Panya mwenye afya hajali. Panya mgonjwa hushtuka, hujikunja, hulamba pale palipoguswa. Panya waliozaliwa bila seli masti, wakifanyiwa vivyo hivyo, maumivu yao huwa madogo zaidi. Na kwa wanaume wenye tatizo hili, triptasi imepatikana kwa wingi kwenye majimaji ya tezi dume.

Naona wengine mnaandika "dawa za mzio". Polepole! Kwa panya, kuzituliza seli masti na kuizuia histamini kulipunguza maumivu. Panya si mtu, na binadamu huyu ana pia misuli ya sakafu ya nyonga iliyokaza na uti wa mgongo uliozoea kupokea maumivu. Ndiyo maana mazoezi ya kuilegeza misuli hiyo yana nafasi yake kwenye matibabu.

Ndiyo, mama, nimeuona mkono. Unauliza kama mke anaweza kuambukizwa. La. Katika kundi hili la tatu hakuna kijidudu cha kumpa, kwa hiyo naye hahitaji dozi yoyote.