Bosi wa Walinzi Aliyegeuka Bosi wa Sinema

Haya familia, karibuni tena kwenye chaneli. Leo kuna upepo, mkisikia maiki inakoroma mnivumilie tu. Nipo Tempelhof, kusini mwa Berlin, kwenye mtaa unaoitwa Oberlandstraße. Nageuza kamera muone. Haya majengo mnayoyaona ni ya studio. Mtaa huu umekuwa ukipiga picha za sinema tangu mwaka 1913, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na aliyejenga moja ya studio zake za mwanzo ndiye ninayetaka kuwasimulia leo.

Anaitwa Paul Davidson. Mkitaja filamu za zamani za Kijerumani, watu wanakumbuka waongozaji na waigizaji. Huyu hakuongoza wala hakuigiza. Alikuwa mfanyabiashara, na mimi kusema kweli napenda zaidi habari za watu wa namna hii, maana wengi mnaoniandikia mnaniuliza fedha ya filamu inatoka wapi, hamniulizi kamera gani nzuri.

Davidson alizaliwa mwaka 1867 Lötzen, Prussia Mashariki. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Giżycko. Ni mtoto wa familia ya Kiyahudi ya wafanyabiashara, na yeye mwenyewe alianza na vitambaa, wakala wa nguo. Halafu mwaka 1902 akawa meneja wa kampuni ya ulinzi mjini Frankfurt. Ndiyo, ulinzi, kampuni inayotuma askari walinde mali za watu usiku. Mtu ana miaka thelathini na mitano, kazi yake ni malindo na funguo, hajawahi kushika mkanda wa filamu. Kaeni na hilo la ulinzi, maana kwa maoni yangu ndilo linalomweleza huyu mzee kuliko kitu kingine chochote.

Mwaka 1906, palepale Frankfurt, akaanzisha kampuni ya kumbi za sinema. Sasa mjue sinema ya Ujerumani wakati ule ilikuwaje. Mtu anakodi fremu ya duka, anapaka dirisha rangi nyeusi au anatundika pazia, anapanga viti vya mbao, projekta huku, shuka jeupe kule. Ni kibanda umiza kabisa, hadi yule jamaa anayesimama pembeni kuwaelezea watazamaji kinachoendelea, walikuwa naye. Hewa nzito mpaka mfanyakazi anapita na bomba la kunyunyizia manukato kati ya safu za viti. Filamu moja dakika chache, zinaunganishwa nyingi: ya kuchekesha, ya treni, ya mfalme akikagua gwaride, basi, wanaoingia wanaingia, wanaotoka wanatoka.

Davidson akaiona biashara hiyo, akaona tatizo lake. Mama mwenye heshima zake hawezi kuingia mle. Daktari hawezi. Wenye fedha wote wanapita nje. Kwa hiyo yeye akajenga kumbi zenye viti vya maana, taa, wahudumu, muziki, akazipa jina moja kila mji: Union-Theater, kwa kifupi U.T. Mannheim ipo, Frankfurt ipo, miji mingine ikafuata. Ukiona herufi hizo mbili unajua unachokikuta ndani. Mwaka 1909 akafungua Berlin, pale Alexanderplatz, ndani ya jengo la hoteli kubwa. Ukienda Alexanderplatz leo hutaukuta ukumbi huo, vita na ujenzi mpya vimefuta karibu kila kitu. Lakini kwa siku zile, kufungua sinema mahali pale, katikati ya mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, ilikuwa ni kutangaza kwamba mchezo wa fremu za duka umekwisha.

Kumbi zikiwa nyingi unahitaji mtaji, na benki za wakati ule zilikuwa zinaiona sinema kama mambo ya gulio. Davidson akafanya kitu ambacho hakuna kampuni ya filamu ya Kijerumani iliyokuwa imekifanya: mwaka 1910 akaigeuza biashara yake kuwa kampuni ya hisa. Jina refu la Kijerumani, tuliite kwa kifupi chao, PAGU. Watu wakawa wananunua hisa kwenye sinema vilevile wanavyonunua hisa kwenye reli au kiwanda cha bia.

Sasa hapa ndipo patamu, tulieni.

Wakati ule filamu ilikuwa haikodishwi kwa mkataba kama leo. Iliuzwa kwa mita. Nasema kweli, kwa mita, kama kitambaa, na bei ya kawaida ilikuwa kama marki moja kwa mita. Unanunua mita mia tatu, unalipa, mkanda ni wako. Unauonyesha leo, kesho, mwakani, mpaka uchanike. Ukichoka unamuuzia mwenzako, au unamkodisha, naye anamkodisha mwingine. Matokeo yake, filamu ileile inaonyeshwa kwenye kumbi tano za mtaa mmoja, siku moja. Mwenye ukumbi mzuri hana cha kumtofautisha na mwenye fremu ya duka, ila kushusha kiingilio. Na aliyeitengeneza filamu? Keshauza mita zake, ndiyo basi. Filamu ikipendwa na watu laki moja au ikipendwa na mia, yeye amepata kilekile. Ndugu zangu mnaotengeneza filamu huko nyumbani, mliowahi kumwachia msambazaji kila kitu kwa bei ya jumla, mnajua ninachosema, sihitaji kuendelea.

Mwaka 1910 ikatoka filamu moja Denmark, inaitwa Afgrunden, yaani Shimo. Mwongozaji Urban Gad, mwigizaji mkuu dada mmoja wa jukwaani asiyejulikana sana, Asta Nielsen. Ina zaidi ya nusu saa, kwa wakati ule hiyo ni ndefu mno. Dada anaacha mchumba wake mstaarabu anamfuata mwanamume wa sarakasi. Kuna kipande kimoja kiliwatoa watu jasho: amevaa gauni jeusi limembana, anamfunga yule mwanamume kwa kamba, halafu anamchezea akimzunguka, kiuno kinamgusa, taratibu, kamera haihami. Wala hawatazami watazamaji, ana lake na yule mtu. Nimeitazama mara nyingi na bado naona ni ujasiri. Zaidi ya miaka mia imepita jamani!

Ilipoingia Ujerumani, msambazaji mmoja wa Düsseldorf, Ludwig Gottschalk, hakuiuza kwa mita. Aliuza haki ya pekee: wewe peke yako ndiye utakayeionyesha katika mji wako, kwa muda huu, na jirani yako hapati hata afanyeje. Wenye kumbi wakaichangamkia, maana kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu ambacho wa pili yake hana. Kiingilio kikapanda na watu wakapanga foleni.

Davidson alikuwa hajawa mtengenezaji wa filamu kabisa. Yeye alikuwa mtu wa kumbi. Lakini alipomwona Asta Nielsen kwenye shuka akaelewa mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, zama za vifilamu vya dakika kumi zimeisha. La pili, na hili ndilo la mtu aliyewahi kuongoza walinzi: thamani iko mlangoni, kwa anayeshika ufunguo. Mkanda wenyewe ni bidhaa rahisi kunakili na kuchakaa. Ukimzuia mtu asiingie bila ruhusa yako, hapo ndipo una biashara.

Mwaka 1911 akasaini mkataba na Asta Nielsen na Urban Gad, wakiwa pamoja na msambazaji wa Cologne, Christoph Mülleneisen. Filamu nane kwa mwaka, na zote zinauzwa kwa haki ya pekee, kama mfululizo. Angalieni ujanja uliomo. Mwenye ukumbi anakubali kuchukua filamu ambazo hazijapigwa bado. Hazina hata hadithi! Ananunua nini basi? Ananunua jina la Asta Nielsen. Fedha za wenye kumbi zinaingia mapema, ndizo zinazolipa gharama za kupiga filamu. Leo tunaona kawaida bango kuwa na sura ya mwigizaji kubwa kuliko jina la filamu. Kabla ya hapo waigizaji wengi hata majina yao hayakuwa yanaandikwa.

Na majengo nayo yakafuata. Studio ya Babelsberg, kule Potsdam, ambayo mpaka leo filamu kubwa za kimataifa zinapigwa, ilianza na jumba la vioo, na filamu ya kwanza kupigwa mle, mwezi Februari 1912, ilikuwa ya Asta Nielsen. Jumba lile halikuwa la Davidson, lilikuwa la kampuni ya Bioscop, lakini mfululizo wake ndio ulioipa kazi. Kwa nini vioo? Jua. Taa za umeme zilikuwa ghali, kwa hiyo paa na kuta vyote vioo, unapiga picha mchana. Kiangazi ndani kunachemka, waigizaji wamevaa makoti ya manyoya ya hadithi ya majira ya baridi, poda inayeyuka usoni. Mwaka 1913 Davidson akajenga la kwake, hapa Tempelhof nilipo.

Mwaka huohuo alitaka heshima. Akamchukua Max Reinhardt, mwongozaji mkubwa kuliko wote wa jukwaa Berlin, ampigie filamu. Hazikuvuma. Kwangu hilo halinishangazi, mtu wa jukwaa alikuwa bado anaitazama kamera kama mtazamaji wa safu ya mbele. Lakini kupitia dunia ya Reinhardt, vijana wengine wakaingia PAGU, mmoja wao mtoto wa fundi nguo wa Berlin, Ernst Lubitsch. Alianza kama mchekeshaji, akiigiza vijana wa dukani wazembe na wajanja. Davidson akamwacha aongoze. Baadaye akamsukuma atoke kwenye vichekesho apige filamu kubwa za huzuni, akiwa na Pola Negri, mwigizaji aliyetoka Poland. Mwaka 1918 wakapiga Carmen. Mwaka 1919 wakapiga Madame Dubarry, yenye umati wa watu na mapinduzi ya Ufaransa, ikafungua ukumbi mpya wa Ufa-Palast am Zoo mwezi Septemba.

Mmesikia nimesema Ufa. Turudi nyuma kidogo.

Vita ilipoanza 1914, filamu za Ufaransa zikazuiwa, na Ufaransa ndiyo ilikuwa ikilisha kumbi za Ujerumani. Denmark haikuwa vitani. Mwaka 1915 kampuni kubwa ya Denmark, Nordisk, ikanunua kutoka kwa Davidson mtandao wake wa kumbi za U.T. Akabaki na utengenezaji. Mimi hapa namlaumu kidogo. Mtu aliyejua kuliko wote kwamba nguvu iko mlangoni, ndiye aliyeuza milango. Lakini vita ni vita, mtaji ulihitajika, na mimi sikuwepo.

Halafu tarehe 18 Desemba 1917 ikazaliwa Ufa, kampuni kubwa ya filamu. Wakuu wa jeshi, Jenerali Ludendorff mbele yao, walitaka sinema ya propaganda. Deutsche Bank ikaongoza, serikali ikaweka fedha kimyakimya, mtaji marki milioni 25. Wakakusanya kampuni kubwa kwenye kapu moja: kampuni ya Oskar Messter, mali za Nordisk ndani ya Ujerumani, na PAGU. Kwa hiyo zile kumbi za U.T. na ile studio ya Tempelhof zikakutana tena chini ya paa moja, ila safari hii paa la watu wa benki. Davidson akawa mmoja wa wakurugenzi, mwajiriwa mwenye cheo.

Hakukaa sana. Desemba 1920 Madame Dubarry ilionyeshwa New York, wameibadilisha jina wakaiita Passion, ikajaza ukumbi. Wamarekani wakashtuka: Wajerumani wanapiga filamu kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi? Marki ilikuwa inaporomoka, dola moja inakununulia umati mzima wa waigizaji wa ziada. Adolph Zukor wa Famous Players, ile iliyokuja kuitwa Paramount, akaingiza dola Berlin. Mwaka 1921 ikaundwa kampuni ya EFA, Davidson akiwa ametoka Ufa kuingia humo, na Lubitsch naye akaja. Wakapiga hadithi ya Farao yenye majumba ya Misri yaliyojengwa mchangani pembezoni mwa mji.

Hesabu yote ilikuwa kwenye dola dhidi ya marki, na viongozi wa EFA wakaanza kugombana, gharama zikapanda. Mwisho wa 1922 EFA ikawa imekwisha. Pola Negri keshaondoka kwenda Hollywood, na Desemba Lubitsch naye akapanda meli. Kwa maneno mengine Hollywood iligundua kwamba haihitaji kumiliki kampuni Berlin. Inawahitaji watu wawili tu, na tiketi za meli ni rahisi kuliko studio.

Davidson akarudi kutengeneza filamu kwa kiwango cha kawaida, bila kumbi zake, bila nyota wake. Alifariki Julai 1927, umri miaka 60, filamu za sauti zikiwa zinabisha hodi.

Kwa mtakaotaka kutazama, Afgrunden ipo mtandaoni bure, Taasisi ya Filamu ya Denmark imeiweka. Tafuteni kile kipande cha kamba, halafu mje kwenye komenti. Na wale wa mikataba ya filamu mlioniandikia, wekeni maswali hapo chini, ila msiweke majina ya kampuni wala namba zenu za simu, nitayajibu kwa pamoja.