Roho Mkononi: Maneno kwa Wasafiri wa Umra, Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shekhe wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mnaotaka kutoroka: karibuni mbele, viti viko.

Nimeitwa nizungumze juu ya sehemu moja tu ya safari yenu, nayo ni ndege. Mambo ya ihramu na tawafu yana wenyewe, na mmeshasomeshwa. Walioniita walinisihi nisitaje ajali, mama zetu wasije wakakosa usingizi. Nimewakatalia. Sisi tumezaliwa kando ya maji, na ni nyumba chache Lamu hii zisizo na habari ya chombo kilichozama, na bado tunasafiri. Anayefichwa ndiye anayetetemeka akisikia mlio wowote. Mimi si rubani. Nimesomesha fizikia mpaka nikastaafu, na ndege nazipanda kama mtakavyozipanda nyinyi: kiti cha dirishani nikikipata, mkanda kiunoni, dua ya safari mdomoni.

Ndege ikishafika juu ikatulia, watu hulala, hula, hugombania choo. Hofu iko mwanzo na mwisho. Na hapo haikukosea, maana ajali nyingi za ndege hutokea ikiwa karibu na ardhi, inapopaa, inapokaribia kutua, na inapotua. Kule juu rubani akipatwa na jambo ana nafasi ya kulitengeneza. Huku chini nafasi ni finyu. Kwa hivyo woga wetu umeujua wakati, lakini mara nyingi umekamata asiye mwizi. Yale yanayotutoa roho, milio, mitikisiko, ndege kurudi juu ghafla ilipokuwa inatua, kwa sehemu kubwa ni kazi inayofanywa ili tufike salama. Yaliyoua watu wengi yalikuja kimya, abiria wametulia na magazeti yao.

Hapa kwenye uwanja wetu wa Manda mtapanda ndege ndogo ya mapangaboi, na Nairobi mtaingia kubwa. Mlango ukifungwa mtasikia mlio chini ya sakafu, kama kitu kinachosagwa. Hivyo ni vibawa vinavyotokezwa kwenye ukingo wa bawa ili ndege iweze kubebwa na hewa ingali na mwendo mdogo. Mlio huo upendeni. Nitawaambia sababu baadaye, na mtanikumbuka.

Nairobi mtaona jambo litakalowakimbiza moyo. Ndege itaanza kukimbia, itakimbia, itakimbia, na bado iko chini. Hapa Manda tuko karibu sawa na bahari. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu yake. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hivyo injini hupata nguvu pungufu na mbawa hudai mwendo mkubwa zaidi kabla hazijakubali kubeba. Mtie na watu, mizigo na mafuta ya kufika Jeddah. Marubani wamefanya hesabu hiyo kabla hamjafunga mikanda, na wamepanga mwendo ambao kabla yake wanaweza kusimama, na baada yake ni kupaa tu, hata injini moja ikizimika. Ndege hizi za injini mbili hutengenezwa na kupimwa ziweze kuendelea kupanda kwa injini moja. Ukisikia kishindo magurudumu yanapoacha lami, na kingine muda mfupi baadaye, ni miguu ya ndege inakunjwa tumboni.

Kisha linakuja lile ambalo wengi huniuliza. Umeshapaa, nyumba zimekuwa ndogo, mara ngurumo inapungua na tumbo linakwambia unaanguka. Nimeona mzee mzima akamshika mkono mtu asiyemjua. Ukweli ni kwamba ndege bado inapanda. Rubani amepunguza nguvu za injini, maana ile kubwa ilikuwa ya kuinukia, na pua ameishusha kidogo. Ndani ya sikio kuna vijimfereji vya maji na vijiwe vidogo vinavyotuambia tunakwenda wapi, na vyombo hivi havijui kutofautisha kuanguka na kupunguza kasi ya kupanda. Vimezoea kusukumwa, msukumo ukipungua vinapiga kelele. Usibishane navyo. Mtazame mhudumu aliyeketi akikuelekea. Utamkuta anaangalia kucha zake.

Sasa kutua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo palipo na mambo.

Mwaka mmoja, kusi limekolea, nilikuwa narudi nyumbani kutoka Nairobi. Tumeshaiona mikoko, tumeshayaona matuta ya mchanga ya Shela, magurudumu yamebaki kidogo tu yaguse lami ya Manda. Ghafla injini zikanguruma kwa nguvu zote, migongo yetu ikagandana na viti, na lami ikapotea chini yetu. Bwana aliyekaa ng'ambo ya njia akatoa shahada kwa sauti. Bibi wa pembeni yangu, vidole vyake vimeiva hina, akanikamata kifundo cha mkono, na kucha zile ziliniacha na alama mpaka jioni. Akaniuliza, "Mwalimu, tumekufa?" Na rubani kimya. Tukazunguka juu ya bahari, dakika zikaenda, ndipo akasema kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini kwamba upepo ulibadilika, na tutajaribu tena. Tukatua bila tabu yoyote.

Nina ugomvi na ukimya ule. Najua kwa nini rubani hasemi: wakati huo ana kazi ya kuirusha ndege, kukunja magurudumu, kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege, na abiria ni wa mwisho kwenye orodha. Ni sawa. Lakini mhudumu angeweza kutwambia maneno matatu. Watu wazima wametoa shahada kwa kukosa maneno matatu.

Kitendo chenyewe, lakini, ndicho kitendo cha akili kuliko vyote nilivyoviona ndani ya ndege. Kurudi juu ni jambo linalofundishwa na kufanyiwa mazoezi. Mwendo ukizidi, upepo ukigeuka, ndege nyingine ikichelewa kutoka kwenye njia ya kurukia, mnyama akikatiza lami, rubani hukataa. Anayekataa kutua amewapa nyinyi nafasi ya pili. Wa kumwogopa ni yule anayeng'ang'ania.

Kuna lingine la upepo. Mtatazama dirishani, mtaona ndege inaukaribia uwanja imekaa upande, pua inaelekea kwingine kabisa. Mtasema rubani amepotea. Nyinyi wa Lamu ndio wa mwisho duniani wa kushangaa hili. Ukitoka jeti ya Manda, gati la maboti, maji yanavuta kwa nguvu, nahodha wa boti anaielekeza moja kwa moja Mkunguni anakokwenda? Hata. Anaielekeza juu zaidi, upande maji yanakotoka, na maji yenyewe yanamleta anapopataka. Rubani anafanya yale yale kwa upepo, na karibu na kugusa lami huinyoosha pua. Gurudumu la upande mmoja likitangulia kugusa, ndivyo inavyotakiwa.

Mitikisiko ya mchana nayo ina sababu yake. Jua likishapanda, mchanga na vichaka vinapata moto na hewa yake inapanda juu; ya baharini imetulia. Ndege ikivuka ufuo chini chini, inapita kutoka hewa moja kuingia nyingine, na mnarushwa. Waliowahi kwenda Malindi mchana wanajua: ukishayaona maji mekundu ya Sabaki yanavyomwagika baharini, funga mkanda vizuri. Mwenye moyo mwepesi akate tiketi ya asubuhi. Na wa Malindi wanajua pia breki za pale, maana njia ya kutulia ndege ni fupi kuliko ya Mombasa. Ndege hutua kwa kishindo, injini zinanguruma kinyumenyume, mikoba inateleza. Kishindo si aibu ya rubani. Kwenye njia fupi au lami yenye maji, anataka magurudumu yashike mara moja, asielee hewani akila lami aliyoihitaji. Wale wanaopiga makofi ndege ikitua laini, wakapiga mdomo ikitua kwa nguvu, wamepima kisichopimwa. Makofi yenyewe siyachukii, pigeni.

Mkifika Jeddah usiku mtazimiwa taa kabla ya kutua. Msiseme umeme umekatika. Ni ili macho yazoee giza, ikitokea mkahitaji kutoka haraka muone njia. Madirisha hufunguliwa kwa sababu hiyo hiyo: wahudumu waone nje kama upande wa mlango ule uko salama.

Sasa niliyoambiwa nisiyaseme.

Tarehe 20 Novemba 1974, ndege kubwa ya Boeing 747 ya Lufthansa ilipaa kutoka Nairobi ikielekea Johannesburg. Injini zote nne zilikuwa nzima. Lakini vile vibawa vya ukingo wa mbele wa bawa havikutokezwa, na hakukuwa na king'ora cha kuwaambia marubani. Ndege iliinuka kidogo, ikakosa nguvu ya kupanda, ikaanguka mbele ya njia. Kati ya watu 157, 59 walikufa. Ndiyo maana nimesema mlio ule wa kusaga muupende. Siku ile abiria hawakuwa na cha kuogopa mpaka mwisho kabisa.

Na ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa ndege, hakuna ndege iliyokuwa angani. Ilikuwa Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ukungu umefunika uwanja, ndege mbili kubwa ziko kwenye njia moja, na moja ikaanza kukimbia ipae bila ruhusa ya mnara, nyingine ikiwa bado haijatoka njiani. Watu 583. Siku hizi ndege yenu ikisimama kwenye foleni, mkaketi jasho linawatoka, rubani anasubiri neno la mnara, msimlaani. Ucheleweshaji ule umenunuliwa kwa bei.

La tatu liko karibu nasi zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inakwenda kutua Bukoba, hali ya hewa ni mbaya, ikaangukia Ziwa Viktoria karibu kabisa na uwanja. Walikuwemo watu 43. 19 walikufa, 24 wakaokoka. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, taifa zima la Tanzania lilimjua kwa ushujaa wa siku ile. Natazama uwanja wetu wa Manda ulivyozungukwa na maji, na natazama maboti yaliyofungwa pale jeti, na najiuliza kama manahodha wetu wamewahi kuitwa wakaonyeshwa mlango wa ndege unafunguliwaje kutoka nje. Kama hawajaitwa, mheshimiwa diwani yuko hapa, amenisikia.

Ndugu zetu wa Ngazidja, kule Komoro, wana yao. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia baharini mbele ya ufuo wao, watu wa ufuoni wakiangalia. Kati ya 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa hai baada ya kuanguka. Walikuwa wamevaa majaketi ya kuokolea, na kwa hofu wakayajaza hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwapandisha wakabanwa darini, na mlango uko chini yao. Mtu aliyejaa hewa hawezi kupiga mbizi, hilo nyinyi hamhitaji mwalimu wa fizikia.

Na moja ya heri. Tokyo, uwanja wa Haneda, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya abiria ilitua ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Watano kati ya sita wa ile ndogo walikufa. Ile kubwa iliwaka moto ikateketea, na watu wake wote 379 walitoka. Walisikiliza wahudumu, wakaacha mikoba. Ndege kubwa haziruhusiwi kubeba watu mpaka ithibitishwe kwamba wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hesabu hiyo haina nafasi ya mtu anayevuta begi la zawadi. Maji ya Zamzam mtayapata mengine.

Kwa hivyo mkikaa, hesabuni safu za viti mpaka mlango ulio karibu, wa mbele au wa nyuma, mkiweza kuzihesabu kwa mkono, maana kwenye moshi macho hayasaidii. Viatu msivue mpaka ndege itulie juu. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna kitu. Mtoto mchanga anyonye wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali amwone daktari kabla.

Nimekuja na jaketi lenyewe. Msinitazame hivyo, sikulitoa chini ya kiti, nimeliazima kwa rafiki. Mama yangu uliyeketi karibu na nguzo, mwenye mtandio wa kijani, njoo tafadhali. Livae juu ya buibui, kichwa kipite hapa, kamba izunguke kiuno, hivyo. Kivutio hiki chekundu ndicho kinachojaza hewa. Usikivute! Bado uko ndani ya ndege. Sasa nyote semeni, mama atakivuta akiwa wapi?