Data Zako Zimetumika Mara Ngapi?

Nianze na aibu yangu. Nilipopandisha seti yangu ya kwanza ya data kwenye hifadhi ya wazi, nilikuwa naufungua ule ukurasa kila asubuhi kabla ya chai. Kaunta ikapanda: kumi, ishirini, arobaini. Nikajiona nimefika. Baadaye ndipo nikatanabahi kwamba kila nikifungua, nahesabiwa. Na roboti za mtandaoni nazo zinahesabiwa. Kumbe nilikuwa najipigia makofi mwenyewe.

Ndiyo maana mwaka 2018 ukatoka mwongozo wa COUNTER, shirika linaloweka kanuni za kuhesabu matumizi ya machapisho mtandaoni, kuhusu data za utafiti. Roboti zinaondolewa. Ukibofya kitu kilekile mara mbili ndani ya sekunde 30, unahesabiwa mara moja. Sawa kabisa. Lakini kupakua si kutumia. Wangapi humu mna faili mlizopakua mwaka jana na hamjazifungua? Naona mnatazamana.

Kurejelewa, yaani data zako kutajwa kama chanzo kwenye makala ya mwingine, ndiko kunakosema zaidi, na huko ndiko tunakopotezana. Mtu anachukua data zako, halafu mwishoni mwa makala anaandika: "Tunawashukuru wenzetu kwa data." Ahsante sana, ila mashine inayokusanya marejeo haihesabu shukrani. Inatafuta orodha ya marejeo, na ndani yake DOI, ile namba ya kudumu inayotambulisha makala au seti ya data.

Je, kuweka data wazi kuna faida? Mwaka 2007 Heather Piwowar na wenzake walichunguza majaribio 85 ya saratani. Yaliyoweka data wazi yalirejelewa takriban asilimia 69 zaidi. Mwaka 2013, yeye na Todd Vision walipima tafiti 10,555 za jeni na kuzingatia mambo mengi zaidi: ziada ikashuka hadi asilimia 9. Ile ya kwanza ndiyo inayopendwa kwenye mikutano. Mimi naiamini hii ya pili.

Halafu kuna matumizi yanayozidi kaunta zote. Protein Data Bank, hifadhi ya wazi ya maumbo ya protini, ilianza 1971 na maumbo 7 tu. AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri maumbo ya protini, ilifundishwa kwa maumbo yaliyowekwa humo na maelfu ya wanasayansi, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper, walioiongoza kazi hiyo, wakapata Nobeli ya kemia. Aliyehangaika miaka mitatu na fuwele moja ya protini ili apate umbo lake, jina lake utalikuta kwenye marejeo gani?

Kwenye rasimu zenu, basi, ziandikeni data kama mnavyoandika kitabu: waandaaji, mwaka, jina la seti, toleo, hifadhi, DOI. Hata zikiwa zenu wenyewe. Haya, maswali. Mama pale nyuma, karibu.