Shule Moja, Mashahidi Wawili: Wazazi na Wanafunzi Wanavyoiona Sekondari ya Serikali

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mliosimama huko madirishani kwa sababu viti vimetuishia, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu maoni ya wazazi na ya wanafunzi juu ya shule ya sekondari ya serikali, na nadhani walioniomba walitumaini kwamba nitasema upande upi una haki. Nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu katika shule za serikali za huku mpakani Busia, upande wa Uganda, na watoto wangu wamesoma katika shule za aina hiyohiyo, kwa hiyo malalamiko haya nimeyasikia nikiwa nimekaa pande zote mbili za meza. Ninavyoona mimi, mzazi na mwanafunzi hawabishani juu ya jambo moja. Mzazi anaijua shule kwa karatasi: ripoti ya muhula, waraka wa mwalimu mkuu, risiti ya benki na matokeo ya mtihani wa taifa. Mwanafunzi anaijua kwa saa, tangu kengele ya asubuhi hadi jioni, na anajua ni saa zipi zilikuwa na mwalimu na zipi hazikuwa naye. Kila mmoja ni shahidi wa kweli wa alichokiona, na kosa letu ni kumuuliza kila mmoja kile asichokiona.

Nianze na fedha, maana wazazi huanzia hapo. Mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulipoanzishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya ule wa shule za msingi, neno moja tu ndilo lililofika sokoni, nalo lilikuwa "bure". Maelezo yalibaki njiani. Serikali hutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza shule iliyomo katika mpango huo kumtoza mtoto ada ya masomo. Lakini sheria hiyohiyo inamwachia mzazi chakula, mavazi, matibabu na usafiri wa mwanawe, wala haizuii michango ya hiari. Basi barua ya kujiunga na kidato cha kwanza inapofika nyumbani ikiwa na orodha ya rimu ya karatasi, ufagio, jembe, karatasi za chooni, pesa za chakula cha mchana na mchango wa ujenzi, mzazi huisoma kama ahadi iliyovunjwa, nami simlaumu. Mchango wa hiari unaodaiwa getini, na mlinzi aliyeshika orodha ya majina, umekwisha kubadilika jina.

Mwanangu wa pili aliwahi kurudishwa nyumbani katikati ya juma kwa sababu ya rimu moja. Nilikasirika sana, nikaandika barua ndefu, kisha nikakumbuka kwamba katika shule niliyokuwa nikifundisha mimi mwenyewe tulikuwa tukiwafanyia watoto wa wenzetu vivyo hivyo. Barua sikuipeleka. Lakini jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa maneno ya mtoto. Mimi nilikuwa nazungumzia pesa. Yeye alisema kwamba siku mbili alizokaa nyumbani darasa lilianza milinganyo na likaimaliza, na kwamba hakuna mwalimu atakayeirudia kwa ajili yake. Hasara niliyoihesabu mimi ilikuwa bei ya rimu, na hasara yake haikuandikwa popote.

Chakula cha mchana nacho ni hivyohivyo. Katika mikutano yetu tunabishana saa nzima kuhusu bei ya posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, na ni haki kubishana, kwa kuwa bei ya mahindi hupanda na kushuka na familia zetu nyingi hula kutokana na biashara ndogo. Ila mzazi hajui picha ya saa saba mchana. Mwanafunzi anaijua: waliolipiwa wamesimama mstarini na sahani zao, na wale ambao hawakulipiwa wamekaa chini ya mwembe wakijifanya wanasoma, au wamekwenda bombani kunywa maji, kisha wote wanaingia pamoja katika somo la saa nane, ambalo nusu yao hawalisikii. Mwalimu wa hesabu hulalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wazito. Sijawahi kumsikia akiuliza nani amekula.

Kuhusu walimu, maoni yanatofautiana zaidi. Mzazi humpima mwalimu kwa sifa yake mtaani na kwa adabu ya mtoto nyumbani. Mwanafunzi hupima kwa mahudhurio, na katika hilo yeye ni mkaguzi mkali kuliko yeyote atakayetumwa na wilaya. Anajua kwamba mwalimu fulani hufundisha pia katika shule ya watu binafsi ng'ambo ya mji, na kwamba siku ya Alhamisi huja mbio juu ya bodaboda, akiwa amechelewa nusu ya kipindi. (Neno hilo la bodaboda, kama wengi wenu mnavyojua, lilizaliwa kwetu hapa mpakani, na sasa linawabeba walimu wa nchi nzima kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili.) Anajua pia kilichotokea mwaka 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi na kuwaacha wale wa historia, dini na lugha walipokuwa. Mwezi Juni mwaka huo walimu wakagoma. Wazazi walisoma habari hizo wakaona ni ugomvi kati ya walimu na serikali, lakini wanafunzi waliuona mgomo ukiendelea kimyakimya hata baada ya kuisha: mwalimu wa historia anampa kiranja daftari ili anakili ubaoni, naye mwenyewe haonekani tena. Nami nilikuwa miongoni mwa walioachwa. Najua uchungu ule, na najua pia kwamba mtoto hakuwa ameusababisha.

Viboko nitavipitia upesi. Wazazi wengi hapa hunijia wakitaka virudi, wakisema bila fimbo shule imeharibika. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inavikataza shuleni, na hapo mjadala kwangu umefungwa. Wanafunzi, kwa upande wao, hawaniambii kwamba wanataka shule isiyo na adhabu. Wanataka adhabu ifanane kwa mtoto wa diwani na mtoto wa muuza nyanya.

Tuje kwenye matokeo, kwani hapa karatasi ya mzazi imebadilika bila yeye kuelezwa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na mwezi Machi mwaka huohuo shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mtaala huo ulifanywa mwaka 2024, nao ulileta herufi kuanzia A hadi E, bila zile daraja ambazo mzazi alizoea kuzijumlisha na kuzitangaza kwa jirani. Asilimia 20 ya alama sasa hutokana na kazi za darasani na miradi. Mzazi aliyezoea kuuliza "mwanangu ana daraja gani?" anaona kwamba amenyimwa jibu, na anashuku shule inaficha kitu. Mwanafunzi naye ana shaka, ila ya aina nyingine. Atakwambia kwamba katika kundi la watu 10 waliotengeneza sabuni ya maji, watatu ndio walioikoroga, mmoja ndiye aliyenunua vifaa, na alama walipewa wote sawa. Hayo hayataonekana kamwe katika ripoti, na bila mwanafunzi hakuna atakayetuambia kama mtaala huu unafanya kazi.

Mniwie radhi niseme kidogo juu ya somo langu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na mtaala mpya umekifanya cha lazima katika vidato viwili vya kwanza. Wako wazazi, hasa waliohamia hapa kutoka maeneo ya ndani, ambao bado wanakisikia kama lugha ya askari wa enzi za Amin, na wanauliza kinamsaidia nini mtoto. Wazazi wa hapahapa mpakani wana swali la kinyume: mtoto anayepatana bei kwa Kiswahili kila siku, iweje apate C? Mwanafunzi ndiye anayejua jibu, kwa sababu yeye huambiwa darasani kwamba maneno yanayomuuzia nyanya sokoni ni makosa, na mara nyingi anayemwambia hivyo ni mwalimu aliyejifunza Kiswahili chuoni na anayekizungumza kwa hofu kuliko yeye.

Sasa angalieni jinsi tunavyoyasikiliza haya yote. Katika ajenda ya mkutano wa wazazi, bajeti ni ya pili na maoni yamo katika "mengineyo", saa ambayo wazazi wa mbali wamekwisha kuondoka kutafuta usafiri. Wanafunzi hawana hata hiyo "mengineyo". Hapa kwetu huulizwa maoni yao siku wanapogoma, na anayewauliza ni polisi.

Kwa hiyo nimeomba, na mwenyekiti amekubali, kwamba leo tusifungue mjadala kwa bajeti. Karatasi mlizopewa mlangoni ni za aina mbili, na hazina mahali pa kuandika jina. Ya mzazi inauliza ni waraka gani wa shule alioupokea muhula huu bila kuuelewa, na ni malipo gani aliyolipa bila kupewa risiti. Ya mwanafunzi inataka aorodheshe vipindi vya wiki iliyopita na kuonyesha vipi vilikuwa na mwalimu. Naomba walioko madirishani waingie kwanza; kalamu ziko kwa kiranja mkuu, na walimu watasubiri nje pamoja nami.