Mpira Unapikwa kwa Nazi?

ZAI: Mambo vipi wapenzi. Kassim karudi kutoka Muheza jana usiku na bado amenuna.

KASSIM: Sijanuna. Nimekwenda kumsalimia shangazi, nikawabebea wale watoto mpira wa ngozi, wa maana kabisa. Shangazi akaupokea, akaubonyezabonyeza, akaniuliza, "Huu unapikwa kwa nazi au unakaangwa?"

ZAI: (anacheka) Na mchele ulibeba?

KASSIM: Mchele ningemtumia hela.

ZAI: "Ningemtumia." Haya, mlete Mnorwei wako.

KASSIM: Johann Olav Koss. Kazaliwa Drammen, 1968, wazazi madaktari. Mchezo wake ni mbio za barafuni. Unavaa kiatu chenye chuma kirefu kama kisu, unainama mpaka mgongo unalala, mnatoka wawili wawili, lakini unayeshindana naye hasa ni saa. Olimpiki ya Lillehammer 1994 akabeba mita 1,500, 5,000 na 10,000. Zote tatu kwa rekodi ya dunia.

ZAI: Ile ya 10,000 ndiyo iliyoniacha hoi. Dakika 13, sekunde 30 na ushee. Rekodi ya zamani ilikuwa yake mwenyewe, ya 1991, akaikata sekunde 13! Watu wanaumana kwa nusu sekunde huko.

KASSIM: Na kabla ya hapo alishafika Eritrea, nchi ndiyo kwanza imetoka vitani. Akakuta watoto wanacheza mpira wa shati. Shati limeviringishwa, mikono ndiyo kamba.

ZAI: Chandimu!

KASSIM: Chandimu ni ya soksi na nailoni.

ZAI: Nani kasema? Sisi Tandika tulianza na sponji ya godoro, juu matambara, juu kabisa kamba ya katani. Ikinyesha inakuwa nzito, ukipiga kichwa unalala.

KASSIM: Wewe ulikuwa unacheza namba ngapi?

ZAI: Golikipa. Na kamba nafunga mimi, kwa hiyo hakuna mechi bila mimi.

KASSIM: Bila shaka nazi mlikuwa mnatia.

ZAI: Toka hapa! Endelea.

KASSIM: Baada ya Olimpiki akarudi Eritrea na ndege imejaa vifaa vya michezo. Kwao magazeti yakamshukia: watu wana njaa, wewe unapeleka mipira?

ZAI: Magazeti na shangazi yako lao moja.

KASSIM: Lakini Koss husimulia kwamba Rais Isaias alimwambia hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, kwa sababu safari hii wametendewa kama binadamu, si viumbe wa kulishwa tu.

ZAI: Rais aliyesema hivyo alikuwa ameshakula.

KASSIM: Zai!

ZAI: Kweli. Bonasi yake ya mita 1,500 aliitoa kwa Olympic Aid, ule mfuko wa misaada wa Olimpiki. Hapo namvulia kofia, pesa inanunua chochote. Ndege ya mipira hapana.

KASSIM: Kwa hiyo mtoto maskini ni tumbo tu? Wewe mwenyewe ungekumbuka nini utotoni, ugali au ile kamba ya katani?

ZAI: Nakumbuka kamba kwa sababu ugali ulikuwepo.

KASSIM: Olympic Aid hiyohiyo ndiyo ikazaa Right To Play mwaka 2000, hadi hapa Tanzania ipo. Watoto wanajifunza kwa michezo.

ZAI: Hiyo sibishi. Nabishia ile ndege.

KASSIM: Bila ile ndege hii isingekuwepo.

ZAI: Huwezi kujua.

KASSIM: Na wewe huwezi kujua.

ZAI: Haya, fundi mitambo anaonyesha dakika moja.

KASSIM: Na yale masomo matatu niliyoandika?

ZAI: Kamsomee shangazi.

KASSIM: Basi hata Olimpiki ya Albertville 1992 sijaigusa!

ZAI: Kongosho likavimba, akalazwa, akatoka, akabeba medali ya dhahabu ya mita 1,500. Umeridhika?

KASSIM: Na fedha ya 10,000.

ZAI: Na fedha ya 10,000. Kwaherini.